Nyuzi Joto Thelathini na Tatu

"Miguu ilikuwa baridi." Daktari wa kiwanda aliandika hivyo kwa wino mwekundu juu ya ripoti yangu, na hadi leo, miaka kumi na moja baadaye, nikikumbuka damu inanichemka.

Kibaya zaidi, alisema kweli.

Kazi yangu hospitalini ilikuwa kupima mishipa ya fahamu. Unampiga mtu umeme kidogo gotini, mashine inapima umechukua muda gani kufika mguuni. Mshipa mzima huupitisha upesi. Uliochunika ganda, kama waya uliochunika, huupitisha kwa kusuasua. Lakini hata mshipa usio na kasoro huchelewa ukipoa. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza analijua hilo: pasha miguu kwanza.

Mimi sikupasha. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, kiyoyozi kinavuma, na mgonjwa alikuwa dada yangu. Alikuwa amepaka gundi soli za viatu kiwandani miaka tisa, katika chumba chenye dirisha moja, akivuta harufu yake inayokula mishipa, na siku hizo ndala zilikuwa zinamtoka njiani bila yeye kujua. Nilipomwambia umeme unakwenda polepole, alicheka.

"Mji mzima umeme unakatika, mdogo wangu, sembuse miguu yangu?"

Nilidhani ripoti ile ingemtoa kwenye gundi. Daktari akaitupa. Hakuagiza apimwe tena. Hakuuliza kwa nini mwanamke wa miaka thelathini na minne anajikwaa kwenye sakafu tambarare. Alitafuta kosa, akalipata, akamrudisha kwenye gundi, na miezi mitatu ikapita kabla hawajampa ruhusa ya siku moja kuja kwangu tena. Mnyonge hana haki, wanasema. Uongo! Haki yake ilikuwepo. Mimi ndiye niliyempa yule bwana mlango wa kuikwepea.

Ripoti ya pili niliiandika kwa herufi kubwa: ngozi, nyuzi joto thelathini na tatu. Kasi ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Daktari hakupata pa kushika, akatia saini, na dada akaondolewa kwenye gundi. Akaanza kutembea na fimbo.

Watu wa nyumbani walinipongeza. Sikuwaambia kilichotokea kabla ya kipimo hicho.

Nilikuwa nimezima kiyoyozi, nikamimina maji ya birika kwenye beseni, nikageuka kuchukua ya baridi ya kuchanganyia. Nilipogeuka tena, dada alikuwa ametumbukiza miguu yote miwili. Mvuke ulikuwa unampanda magotini. Alikuwa ametulia tuli, macho kwangu, ananisubiri.

"Dada, toa miguu! Toa!"

Alinishangaa.

"Kelele za nini? Kwani umeshatia ya moto?"