Siri Kati Yenu na Boksi

Wiki moja kabla ya fainali za kanda, shule ilijaliwa kupata mshauri nasaha. Alikuja na tabasamu, chaki za rangi, na boksi la viatu lililotobolewa mfuniko. Boksi lilikuwa la mwalimu mkuu, namba arobaini na nne, na harufu ya mwenye mali ilikuwa bado haijahama.

"Kila mwanariadha aandike kinachomlemea," mshauri alisema kwa upole. "Msiweke majina. Hii ni siri kati yenu na boksi."

Wenye akili waliandika kwamba wanaogopa mende. Kiberiti, bingwa wa mita mia nne, binti mwembamba aliyepewa jina hilo kwa kuwaka upesi, akafanya kosa la kuamini. Aliandika: "Kila mbio zikikaribia natapika. Safari iliyopita mara 7. Naomba mtu anifundishe nifanyeje." Akakunja karatasi, akaitumbukiza, akajisikia mwepesi kama aliyetua gunia.

Wepesi huo ulidumu hadi saa nane mchana.

Mshauri, kwa moyo safi kabisa, alimkabidhi boksi mwalimu wa michezo "kwa hatua zaidi." Na mwalimu wa michezo ndiye huyo huyo wa hisabati. Miaka mitatu amesahihisha madaftari ya Kiberiti. Ile saba yake yenye kifimbo katikati aliijua kuliko alivyozijua nyuso za wanawe.

Alimwita stoo ya mipira.

"Bibie, huu mwandiko wa nani?"

Kiberiti akaitazama mipira isiyo na upepo. Ilionekana kumhurumia.

"Mimi sina neno," mwalimu akaendelea. "Mgonjwa hupumzishwa. Jumamosi utabeba maji, mia nne atakimbia mwingine."

"Mwalimu, sikuomba kupumzika. Niliomba kufundishwa."

"Kutapika nikufundishe mimi?"

Kukimbia ndicho kitu pekee alichokipenda katika shule ile. Vingine vyote, pamoja na hisabati, alivivumilia tu.

"Nilikuwa natania," akasema.

Mwalimu akamkazia macho. "Basi kawaambie wenzako. Hofu ni kama upele, huambukiza."

Saa kumi timu ikapangwa mstari uwanjani. Mwalimu akaisoma karatasi kwa sauti ya hakimu. Kiberiti akapiga hatua mbele, akacheka. Alicheka vizuri, mikono mbavuni, hata akaigiza kutapikia kiatu cha nahodha. Timu ikaangua kicheko. Mshauri, aliyekuwa akipita, akaandika katika ripoti yake kwamba hali ya wanariadha imeimarika.

Nafasi ya Kiberiti ikarudishwa.

Walipokuwa wakipasha misuli, akasogelewa na mkimbiaji wa mia mbili, kabinti ka kidato cha kwanza. Katika mstari mzima, ni huyo tu ambaye hakucheka.

"Dada, kweli ulikuwa unatania?"

"Kweli."

"Hata zile mara saba?"

"Hata zile."

Mtoto akainama, akafunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Mimi nilidhani tuko wawili," akasema.

Kiberiti akageuza shingo. Mwalimu alikuwa hatua kumi kutoka pale, saa ya kupimia muda mkononi.

"Kimbia," akamwambia. "Anakutazama."