Wake wa Kambini Wagoma Kuvuta Kamba

Kwa miaka kumi na moja mfululizo sisi wake wa askari tulishindwa na masajini katika kuvuta kamba, na kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyeongoza sala kabla ya filimbi. Coralie, mke wa Sajini Meja na nahodha wetu, hakunilaumu waziwazi. Aliniuliza tu, "Lurline mwenzangu, hivi huwa unaomba kwa sauti ya kutosha?"

"Naomba, Coralie. Mungu hujibu ndiyo, hapana, au subiri."

"Basi mkumbushe kwamba magoti yangu yanazeeka."

Kambi yetu ya Townsville ina sheria mbili kila Novemba, Siku ya Familia. Soseji hazigawiwi mpaka kamba ivutwe, na walioshindwa ndio wanaoosha vyombo vyote. Kwa hiyo sisi wake, kama hatujui kitu kingine, kuosha vyombo tunajua.

Mmoja tu hakuwahi kuosha, naye ni Glenys. Alikuwa ameishi na Sajini Trudy miaka tisa, nyumba moja, kitanda kimoja, na mbwa mmoja asiye na adabu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza magurudumu ya malori, na mabega yake yalikuwa mapana kama mlango wa ghala. Kila tulipomtazama tuliona kamba yetu imeshashinda. Lakini askari kama Trudy, wanawake wanaoishi na wanawake wenzao na wanaume wanaoishi na wanaume wenzao, waliruhusiwa jeshini tangu mwaka 1992. Wenzi wao ndio ambao jeshi lilikuwa bado halijawaona. Basi kila Siku ya Familia Glenys alibandikwa kifuani kibandiko cha MGENI pale langoni, akakalishwa kivulini, akaletewa sahani yake. Mgeni havuti kamba. Mgeni haoshi vyombo.

"Nawaonea wivu," aliniambia mwaka mmoja, akiitazama mikono yangu iliyojaa mafuta.

"Una homa?" nikamwuliza.

Hakuwa na homa. Kwetu visiwani Torres, mtu akila nawe miaka tisa hakuna anayeuliza ni nani wako. Nilimwelewa.

Mwaka 2005 jambo lilikuwa zito zaidi ya vyombo. Trudy alikuwa amehamishiwa Darwin, na lori la kubeba mizigo lingefika tarehe 12 Desemba. Nyumba ya familia kule hupewa askari ambaye mwenzi wake ameandikwa katika daftari la kambi. Bila Glenys kuandikwa, Trudy angelala bwenini Darwin, na Glenys angebaki Townsville na yule mbwa. Habari zilikuwa zimefika kwamba wenzi wote wataandikwa kuanzia tarehe 1 Desemba. Lakini kambini kwetu tulishaambiwa Machi, na Machi tukaambiwa Julai, na Julai tukaambiwa suala linafanyiwa kazi. Glenys alishafunga maboksi mara mbili na kuyafungua mara mbili.

Siku ya Familia ilikuwa Jumamosi, tarehe 26 Novemba. Jua lilikuwa kali hata nzi wakawa wavivu. Masajini wanane walishika upande wao wa kamba, Trudy akiwa wa tatu. Upande wetu Coralie alimshika Glenys mkono, akampeleka mkiani na kumfunga kamba kiunoni.

Mervyn, karani wa kambi, alikuja mbio na daftari lake. Mervyn ni mtu mwema, lakini hata kikohozi chake kina namba ya faili.

"Huyo hayumo humu, Coralie."

"Anaingia Alhamisi, Merv. Siku tano tu."

"Basi atavuta mwakani."

"Mwakani atakuwa Darwin!"

"Kama ataandikwa," alisema Mervyn.

Hapo nikamwona Glenys akitaka kujifungua kamba. Coralie akamzuia. Akaitupa kamba chini, akaikalia, nasi sote tukaikalia.

"Mnafanya nini?" aliuliza Kanali, kamanda wetu, ambaye macho yake yalikuwa yameshafika kwenye soseji.

"Hatukatai kuvuta, Kanali," alisema Coralie kwa upole. "Suala la kuvuta linafanyiwa kazi."

"Na nani?"

"Na kamati. Lurline ni mwenyekiti."

Sikujua. Nikaitikia kwa kichwa.

"Kamati itamaliza lini?"

"Tulitarajia Machi," nikasema, "lakini sasa inaelekea Julai."

Masajini waliangua kicheko, kisha wakanusa soseji na kicheko kikafa. Mume wangu Ezra, koplo wa jikoni, alikuwa na soseji mia sita jikoni na mwiko mkononi. "Lurline!" alinipigia kelele. "Vitunguu vinaungua!"

"Vuta subira, mpenzi. Jeshi limetuzoesha."

"Sajini Trudy," alisema Kanali, "mwambie mwenzio aondoke kwenye kamba."

Trudy alisimama wima. "Afande, kwa mujibu wa daftari, simjui huyo mama."

Hata Kanali alilazimika kugeuka atazame pembeni. Aliporudisha uso alitoa amri: kamba ivutwe Alhamisi, na kwa kuwa sheria ni sheria, soseji ziingie kwenye friji. Watu mia tatu walikwenda nyumbani na njaa. Kwa siku tano sikupata neno jema kutoka kwa mume wangu, ambaye kila alipofungua friji kuchukua maziwa soseji zilimwangukia miguuni.

Niliomba kila asubuhi. Sikuomba tushinde. Niliomba jina moja.

Alhamisi saa kumi jioni kambi nzima ilikuwa uwanjani, na hakuna aliyekuwa amekula mchana. Mervyn alifika na daftari. Alikuwa ameshika pia karatasi, na uso wake haukunifurahisha.

"Ruhusa imefika," alisema. "Kuanzia leo wanaandikwa."

Tulipiga vigelegele.

"Ila fomu mpya hazijafika. Daftari hili lina safu mbili, mke na mume. Safu ya mwenzi haimo. Fomu zinakuja Jumatatu. Au Jumatatu ya pili."

Jumatatu ya pili ilikuwa ndiyo siku ya lori. Glenys alianza kubandua kibandiko cha MGENI kifuani, kisha akakibandika tena, kama mtu asiyejua aweke wapi mkono wake.

Sauti ya kwanza ilitoka upande wa masajini. "Chora mstari, Merv!"

"Siwezi kuchora mstari kwenye daftari la serikali."

"Una rula, au huna?"

"Ninayo, lakini..."

"Merv," alisema Kanali, na tumbo lake likanguruma hata sisi wa mbali tukalisikia. "Chora mstari."

Mervyn alipiga magoti kwenye nyasi, akaweka rula. Akatoa penseli.

"Wino," alisema Trudy.

Mervyn alimtazama. Akarudisha penseli mfukoni, akachukua kalamu, akachora mstari ulionyooka kuliko yote niliyowahi kuona. Akaandika. Akapuliza wino ukauke.

Glenys alibandua kibandiko, akambandika Mervyn kwenye paji la uso, kisha akajifunga kamba kiunoni. "Trudy!" akaita. "Leo usitegemee huruma!"

"Nyumbani hunionei huruma, sembuse hapa!"

Filimbi ikalia. Ndugu zangu, tulivuta! Masajini walikuja kwetu hatua moja, hatua mbili, visigino vikilima uwanja kama jembe. Sajini Meja alikuwa mwekundu kama bitiruti. Ilibaki hatua moja tu. Nikaanza kumshukuru Mungu kabla ya wakati.

Mervyn naye, kwa kupenda utaratibu, akakumbuka kwamba hakuwa ameita majina. Akasimama pembeni na kibandiko chake usoni, akafungua daftari, akasoma kwa sauti kuu jina lililokuwa bado na wino mbichi:

"Glenys Pascoe, mwenzi wa Sajini Trudy Hennessy!"

Miaka tisa hakuna aliyewahi kumwita hivyo ndani ya uzio ule. Glenys aliiachia kamba, akanyoosha mikono yote miwili juu.

"Nipo!"

Sisi saba wengine tulivutwa mbele kwa matumbo, tukiwa na Glenys nyuma yetu akiburutwa kwa kiuno kama tairi.

Mwaka wa kumi na mbili wa kushindwa. Coralie alitema nyasi. "Tumekungoja miaka tisa," alimwambia, "uje utuangushe kwa mdomo?"

"Samahani, Coralie."

"Samahani haisugui sufuria." Akamtupia glavu za mpira.

Nilimwona Glenys akizivaa polepole, kidole kwa kidole. Tulikuwa kwenye beseni, mapovu hadi viwikoni, wakati askari mmoja mpya alipomjia Glenys amebeba sahani ya soseji yenye vitunguu vingi.

"Mama, nimeambiwa wageni wanaletewa..."

"Mgeni yupi?" alifoka Coralie. "Huyu ni wetu. Na hajafika hata nusu ya masufuria!"

Glenys alikuwa anasugua chini ya sufuria kubwa kuliko zote, akitabasamu kama mtu aliyeshinda.