Nilivyoupa Mpira Mgongo

Siku mbili nilitembea kutoka Ndalambo, nikavuka mpaka hadi Nakonde, kutazama mpira tu. Kipenga kilipolia, nikamwona mama mkwe wangu ng'ambo ya uwanja, ameketi na jamaa zake wa huko. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ningefanyaje? Nikageuka, nikaukodolea macho ukuta wa duka. Nyuma yangu watu walipiga vigelegele, wakarusha kofia. Mimi nikahesabu matofali na kumlaani aliyemwalika. Mara nne walishangilia bao, mara nne nikasaga meno.

Mechi ilipokwisha, Felista, mdogo wa mke wangu, akanijia mbio.

"Shemeji, mama anauliza nani kashinda. Alikuona tangu mwanzo, naye akaupa uwanja mgongo."