Kwaya Ndani ya Gunia la Mahindi

"Mimi nikifunga mzigo," Gachanja aliwatangazia watu wote wa Kibomet wenye masikio, "hata yai linafika Mombasa likiwa linacheka."

Mwaka huo wa themanini na saba mdomo wake ulikuwa na kazi nyingi kuliko brashi yake. Brashi ilikuwa ikiandika majina ya vinyozi na hoteli za chai mjini Kitale, basi. Halafu Mama Wilkista, kiongozi wa kwaya kule Lugulu, wilaya ya Bungoma, akamletea kazi ya maana: amfinyangie kwaya nzima kwa udongo, watu thelathini na wawili, kila mmoja urefu wa kidole, awachome na kuwapaka rangi. Daktari wa misheni alikuwa akirudi kwao ng'ambo, na hiyo ndiyo ingekuwa zawadi ya kumuaga.

"Wakinifikia wazima," Mama Wilkista alisema, "ukuta wa kanisa jipya ni wako. Utachora Yordani yote na samaki wake. Wakivunjika, rudi kwa vinyozi wako."

Tangu siku hiyo Gachanja alilala akiota samaki.

Mtu mwingine angetafuta boksi, magazeti na pamba. Gachanja aliicheka pamba. Pamba ni ya masikio! Huku Trans-Nzoia kitu hufungwa kwa mahindi: punje inaibana punje, hakuna wa kuyumba. Akamwaga debe moja guniani, akapanga sauti ya kwanza. Debe lingine, sauti ya pili. Akaendelea hivyo mpaka besi wakakaa juu kabisa, karibu na hewa, kwa sababu besi ni wanaume. Rangi ilikuwa bado mbichi, lakini alisema itakaukia njiani. Akashona mdomo wa gunia, akapanda nalo lori la viazi la Ndung'u.

Safari ilikuwa tamu mpaka kizuizi cha polisi cha kuingilia Bungoma. Siku hizo mtu angevuka wilaya bila kuulizwa jina la babake, lakini mahindi hayavuki bila kibali.

"Haya mahindi yanaenda wapi?" afande akauliza.

"Si mahindi, afande. Ni watu."

Afande akaliangalia gunia. Akamwangalia Ndung'u. Ndung'u akauangalia Mlima Elgon kama hajawahi kuuona.

"Watu wangapi?"

"Thelathini na wawili. Ni kwaya."

"Sikiza, bwana. Kama ni mahindi, leta kibali. Kama ni watu, mbona umewashonea guniani?"

Magari yalikuwa yamepanga foleni nyuma, na abiria walishuka kuona kinachowachelewesha. Afande hakungoja jibu. Akatwaa bambo, ule mkuki wenye mfereji wa kuchotea mahindi, akalidunga gunia ubavuni mpaka kwenye mpini. Ndani kukasikika kah! kah! Bambo likatoka na punje za kujaa kiganja, pamoja na kichwa cha mwanamke aliyeachama, punje tatu zimemganda shavuni.

"Huyu ni nani?"

"Sauti ya pili," Gachanja akasema, machozi yakimlengalenga.

"Haya. Kama ni kwaya, iimbe."

"Lakini afande, ni ya udongo!"

"Wewe ndiye umesema ni watu. Si mimi."

Na bambo lilikuwa tayari limeinuliwa tena. Gachanja akauona ukuta wake wa kanisa ukienda na maji ya Yordani. Akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye tundu la gunia, akawaimbia wote. Sauti ya kwanza alijibana pua. Sauti ya pili alifumba macho. Besi alizamisha kidevu kifuani mpaka shingo ikapotea. Beti tatu nzima! Afande alivua kofia.

"Besi wanajaribu," akasema, akafungua kizuizi.

Kule Lugulu, Mama Wilkista na akina mama wa kwaya walilifungua gunia mezani. Mwalimu wa kwaya, yule wa udongo, alitoka na mahindi uso mzima, utadhani ameugua ndui. Wanne walitoka bila vichwa.

"Fundi! Ni nini hii?"

Maneno hayakuwahi kumwishia Gachanja. "Mama, ni majambazi! Saba, na mapanga! Nikalala juu ya gunia hivi, nikawaambia niueni mimi, kwaya ipite! Hao wanne walikufa mikononi mwangu."

"Uuuwi, mtoto wa watu!" akina mama wakalia.

Mama Wilkista alijipangusa macho kwa leso. "Kumbe ulitupigania hivyo? Hao wanne utawafinyanga tena. Jumatatu njoo uanze ukuta."

Gachanja akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, huku akichagua rangi ya samaki wa kwanza.

Mwisho wa benchi alikaa mama aitwaye Chelimo, aliyetoka kushuka gari la Kitale, kikapu bado kiko mapajani. Tangu aingie alikuwa akimtazama Gachanja tu.

"Fundi," akasema polepole, "wakati ulipiga magoti pale kwa polisi ukiimbia gunia, sauti ya pili uliianza juu sana. Ama ni jambazi gani alikuanzishia wimbo?"