Ardhi Iliyoshika Maneno

Chiku alikuwa akizima vifuu na makumbi ya nazi kwa maji, kabla moto haujavigeuza majivu, Bwana Hamoud alipofika kukagua minazi ya ukoo wake, ambayo chini yake Chiku aliruhusiwa kulima muhogo, si kupanda mti. Mchanga wa chini ya minazi hiyo ulikuwa mweupe pepepe, na muhogo uliopandwa humo ulitoka mwembamba kama kidole.

"Shikamoo, Bwana Hamoud."

"Marahaba, Bi Chiku. Mkaa huo wa nini?"

"Wa kulisha mchanga. Nautwanga, nauchanganya na samadi, naufukia. Mchanga haushiki kitu. Huu unashika."

Bwana Hamoud, amesimama juu ya tuta lililokwisha kulishwa, alicheka mpaka akakohoa, kofia ikakaa upande. "Basi lima! Kipande hiki ni chako, wewe na wanao. Mimi minazi yangu inanitosha."

Mkaa ulishika kweli. Ulishika mvua, ukashika samadi, na masika yalipokwisha ikaonekana kuwa ulishika na maneno. Aliyeinama kupalilia alimsikia Bwana Hamoud akicheka chini ya majani, kisha akisema kipande hiki ni chako. Chiku alizoea. Wanawe walilala mchana pembeni mwa matuta, na sauti ile ikawabembeleza. Muhogo ulinenepa, viazi vitamu vikapasua ardhi.

Hoteli moja ya Ghuba ya Chole ilipoanza kuulizia viazi, Bwana Hamoud alikumbuka kwamba shamba ni lake. Chiku akaomba wazee waje wasikilize.

Maalim Ussi, msuluhishi wa kijiji, alivua kofia, akalaza sikio juu ya tuta. Wote walisikia vizuri.

"Ni mimi huyo," alikubali Bwana Hamoud. "Hata kikohozi ni changu."

Maalim alijipangusa udongo sikioni. "Ni kweli ardhi itatoa habari zake," alisema kwa upole, "lakini siku ya Kiyama. Leo Jumanne. Una shahidi mwingine, Bi Chiku? Au mnazi japo mmoja uliopanda?"

"Nilikatazwa kupanda mti, Maalim. Nilipanda muhogo."

"Mti hubaki ukamshuhudia mwenye shamba; muhogo huliwa ukaisha, mwanangu."

Ilikuwa dhuluma tupu, na hakuna aliyekuwapo ambaye hakuijua. Walikunja jamvi, wakaenda kuswali adhuhuri.

Chiku alibaki kung'oa mihogo aliyoruhusiwa kuondoka nayo. Alilia kwa uchungu, ameinama, mikono yake imezama katika udongo mweusi alioutengeneza mwenyewe. Ardhi ikashika na kilio.

Vibarua wa Bwana Hamoud wanaochimba viazi husikia kwanza kicheko, halafu yale maneno, halafu mwanamke akilia. Mwanzoni walikuwa wakimpa pole. Siku hizi huja na redio.