Msanii wa Bustani ya Mama

Baba alipostaafu alinunua kamera yenye mdomo mrefu kuliko wake, akajitangaza kuwa msanii. Kila asubuhi alilala kifudifudi kwenye bustani ya mama kupiga picha maua, na kwa kuwa kitambi chake si cha kubeza, mawaridi kadhaa yalilala naye, yasiamke tena.

"Mke wangu, sanaa inataka subira," alisema akijipangusa udongo.

"Subira ninayo, baba watoto. Mawaridi ndiyo yananiishia."

Kesho yake mama alichomoa ua la plastiki kwenye chombo cha sebuleni, akalichomeka kando ya uzio, mbali na mawaridi yaliyosalia. Baba alipoliona alipagawa. Alilipiga picha mpaka jua likawa la utosi, kisha akatuita tukashuhudie uhai.

"Tazameni linavyopumua!"

Mama, uso mkavu, akamshauri asihangaike tena na maua mengine, maana hayana kipaji.

Sasa picha hiyo imetundikwa ukutani, kubwa kama mlango. Wageni wanaisifia, baba anavimba kichwa, na mawaridi ya mama yamechipua upya kwa raha zake.