Divai, Herufi Tano

Mtunzi wa fumbo la maneno la gazetini watu walimwita Miraba, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa na sheria moja, haikuvunjwa hata alipolazwa na homa: fumbo halitoki nyumbani mpaka mkewe alijaze mezani, kwa penseli, huku chai ikipoa. Akikwama mahali, kosa ni la kidokezo, si la mke. Miraba anakifuta, anaandika kingine. Wasomaji walimsifu kwamba mafumbo yake hayana ubabaishaji, wasijue ni nani aliyekuwa akiyachuja.

Sasa, Jumanne hiyo, neno la nne kwenda chini lilikuwa divai. Kidokezo: "Kisawe cha mvinyo." Jepesi hilo, jamani! Tena kwa mwanamke aliyehudumu mezani hotelini miaka kumi na minane, aliyekuwa akinusa kizibo tu anakwambia chupa hii imechacha, rudisha. Miraba alilichomeka makusudi, amfurahishe.

Mkewe akaandika POMBE.

Miraba akakuna kichwa. Akahesabu: herufi tano, kweli. Na mvinyo si ni pombe? Kosa langu, akajisemea, kidokezo kimelegea. Akafuta, akaandika: "Kinywaji cha zabibu." Mkewe akatabasamu, akajaza JUISI. Tano tena! Haya, hapo utamlaumu nani?

Mchana akazivamia kamusi zake tatu. Ya kwanza ikamwambia divai ni mvinyo, basi. Ya pili ikasema la, mvinyo ni kileo chochote kikali, divai ni ile ya zabibu, hata ya kanisani. Ya tatu ikamtoa kwenye divai ikampeleka kwenye mvinyo, na alipofika kwenye mvinyo ikamrudisha kwenye divai. Miraba akaona kizunguzungu. Neno lenyewe la kukopa kwa Wafaransa, na waliolikopa wala hawaelewani walikopa nini! Akajikuta anacheka peke yake, kisha hakujua anacheka nini.

Jumatano akaja na kidokezo kisichoponyoka: "Kileo cha zabibu, neno lenye asili ya Kifaransa, kisawe chake ni mvinyo." Mkewe akakitazama mpaka chai ikafanya utando. Akaiweka penseli chini taratibu.

"Mimi na Kifaransa wapi na wapi, bwana we?"

Shemeji yake alikuwepo, mdogo wa mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, amekuja kumpima dada yake gauni. Tepu ikiwa bado shingoni, akamvuta Miraba jikoni.

"Shemeji, kidokezo chako hakina ubaya wowote. Juzi dada aliniuliza mbona mama haji kututembelea. Mama! Tuliyemzika wote watatu. Tumpeleke kwa daktari."

"Mke wangu haumwi!" Miraba akafoka, sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kidokezo ndicho kibovu. Nipe mpaka kesho. Akilipata neno hili, habari za daktari zife hapo hapo. Asipolipata, nitampeleka mwenyewe."

Shemeji akaivua tepu shingoni. Akarudi kupima gauni.

Jioni Mhariri akapiga simu. Fumbo liko wapi? Kesho saa sita linatakiwa. "Neno moja tu, mzee wangu? Si ulitoe, uweke jingine!" Miraba akasema ndiyo, ndiyo, akakata simu, na hakulitoa. Alitaka nini hasa, kidokezo kizuri au mke mzima? Mambo hayo mawili yalikuwa yamemchanganyikia, na aliogopa kuyatenganisha.

Alhamisi asubuhi akafanya jambo ambalo mtunzi mwenye heshima zake hafanyi. Aliandika kidokezo ambacho dunia nzima ingeshindwa isipokuwa mtu mmoja: "Ulinimwagia kwenye shati jeupe, siku ya kwanza." Maana ndivyo walivyokutana. Mhudumu kajikwaa, glasi imepinduka, shati limekwisha. Miraba aliondoka hotelini amevaa koti la mpishi, shati likabaki kufuliwa. Kesho yake akarudi kulifuata, na tuseme ukweli, hakufuata shati.

Mkewe akasoma. Midomo ikacheza kidogo. Kisha, bila kuhesabu miraba, akaandika kwa herufi za kusimama wima: DIVAI.

"Umelipata!" Miraba akaruka mpaka kikombe kikatikisika. "Loo, mke wangu! Umelipata!" Machozi yakamjaa, hakuyaficha. Akainyakua simu, akampigia shemeji. Sasa ataniambia nini huyu? Ikawa inaita.

Mkewe alikuwa anacheka, mkono mdomoni, kama msichana.

"Nyekundu, tena glasi nzima! Maskini yule kijana. Shati jeupe pee! Na wala hakunigombeza, unajua? Alisema atarudi kesho yake kulichukua."

"Ehe," akasema Miraba, kicheko bado usoni. "Halafu?"

"Halafu nini?" Akaitazama penseli. "Nililifua mara tatu, nikalipiga pasi. Hakuja. Au labda alikuja siku ambayo sikuwa zamu." Akanyanyua macho, akamwangalia Miraba kwa huruma ya mtu anayemsimulia mgeni. "Alikuwa na sura nzuri, jamani. Sijui siku hizi yuko wapi."

Simu ikapokelewa. "Haloo? Shemeji? Vipi, amelipata?"

Miraba alikaa kwanza kwenye kiti.

"Amelipata," akasema. "Njoo kesho asubuhi, tumpeleke."